Sekunde Kumi na Moja za Shangazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi na moja jioni, mwenzetu tuliyezoea kumwita Shangazi atarudisha ufunguo wa chumba cha chini ya ngazi na kustaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Mhariri wa jarida letu aliniomba mimi niandike wasifu wake kwa kuwa ndimi mkuu wa kitengo chake. Nilikubali papo hapo, kama nifanyavyo mambo mengi, kisha nikaitazama karatasi tupu kwa siku tisa. Naona haya kuandika habari za mama huyu, na mkifika mwisho mtajua kwa nini. Lakini nianze na sifa zake, maana hizo hazina doa.

Jina la Shangazi halikutungwa na mtu. Mpokea wageni wetu wa zamani alikuwa mtoto wa kaka yake hasa, na kila alipopiga simu ghorofani alimwita hivyo mbele ya wageni. Mkurugenzi akaiga, wahasibu wakaiga, na siku moja hata mkaguzi kutoka nje akamwandikia barua iliyoanza kwa "Mpendwa Shangazi". Barua hiyo anayo mpaka leo.

Aliingia hapa akiwa fundi wa simu za mezani, na mkoba wa koleo na bisibisi. Miaka mitatu baadaye simu za mezani zilianza kufa, na mafundi wenzake wakatafuta pa kwenda. Yeye akaazima maktaba kitabu cha kuandika programu. Alikiongezea muda mara kumi na nne, hadi mkutubi akamwambia akae nacho tu, maana hakuna mwingine aliyekuwa akikiulizia. Akajifunza peke yake, mchana kwenye kazi na jioni mezani kwake, huku mumewe, ambaye ni seremala, akipiga randa uani.

Kwa wale wa idara nyingine, nieleze kidogo kazi yenyewe. Modemu ni kile kifaa kidogo kinachovalishwa laini ya simu ili kompyuta ipate mtandao mahali pasipo na waya. Mashine zetu zote zinatumia Linux, programu kuu inayoendesha kompyuta, na enzi hizo watengenezaji wa modemu hawakuikumbuka Linux kabisa. Ukichomeka modemu, kompyuta ilikodoa macho. Mtu alihitajika wa kuandika programu ya kuzikutanisha, na mtu huyo akawa Shangazi.

Modemu yake ya kwanza ilikuwa tapeli. Ikichomekwa, ilijitambulisha kwa kompyuta kuwa ni diski, na ilikataa kuwa modemu mpaka iambiwe neno fulani ambalo mtengenezaji hakulitaja popote. Shangazi alikaa wiki tatu akisoma kila kilichopita kwenye waya, tarakimu kwa tarakimu, hadi akalipata. Akaandika kiraka, yaani rekebisho la programu, cha mistari michache na kukituma kwa watu wanaoisimamia Linux duniani. Walimjibu kwa maswali saba, akayajibu yote, wakakipokea. Tangu siku hiyo mumewe huwaambia wateja wa makabati kwamba maandishi ya mke wake yamo ndani ya kompyuta za watu wasiomjua. Hatii chumvi. Ni kweli tupu.

Mpaka leo ameandikia modemu sitini na tatu. Alizihifadhi kwenye trei za mayai, kila moja na karatasi ya tabia yake: "mvivu baridi ikizidi", "huyu aombwe mara mbili", "muongo, usimwamini akisema yuko tayari". Mafundi wapya huzicheka karatasi hizo wiki ya kwanza. Wiki ya pili huja kuzisoma.

Jambo alilolisimamia kufa kupona ni kupima. Kila badiliko linalotoka kitengoni kwetu lina mistari miwili chini yake. Mmoja husema imeandikwa na nani, mwingine husema imepimwa na nani. Kwa Shangazi, mstari wa pili ni kiapo. Alikuwa na modemu kongwe kuliko zote, aliyoiita Mzee wa Kazi, na aliipimia chini ya ngazi kwa sababu huko ndiko mtandao ulikuwa dhaifu zaidi katika jengo zima. Alichomoa umeme na kuurudisha mara ishirini, akiandika kila mara ilivyokuwa. Mara kumi na tisa zikifaulu na moja ikagoma, jina lake hakuliandika. Hata wale wasimamizi wa huko nje walijua kwamba mstari wenye jina lake hauhitaji kuulizwa mara mbili.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo katika rasimu ya kwanza niliiruka.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na miaka miwili tu hapa, na mlikuwa mkiniita Bwana Haraka. Msemo mnaujua, sina haja ya kuumalizia. Wateja wetu wakubwa, watu wa maji, walikuwa waje kuona jinsi mashine zetu zinavyowasha pampu zao kutoka mbali. Mashine ilichelewa kuanza, na kilichoichelewesha kilikuwa mstari mmoja wa Shangazi uliosema modemu ikiamka, subiri sekunde kumi na moja kabla ya kuiuliza chochote. Niliuona mstari huo kuwa woga wa mtu mzima. Nikaufuta.

Shangazi hakuwapo. Alikuwa amekwenda kumzika dada yake, aliyemlea. Mimi nikapima mezani kwangu, karibu na dirisha, kwa modemu mpya, mara tatu. Ikaitika upesi, nikafurahi na roho yangu. Kisha nikafika kwenye mstari wa pili. Bila jina la mpimaji badiliko lisingekubaliwa na seva, kompyuta kuu inayopokea kazi zetu, na jina langu halikuruhusiwa bado. Nikaandika la Shangazi. Nilijiambia kwamba Jumatatu atarudi na atapima, kwa hiyo nilikuwa nimetangulia siku chache tu. Ijumaa badiliko likaenda kwenye vituo vya pampu, na wageni wakatupigia makofi.

Jumapili umeme ukakatika. Uliporudi Jumatatu asubuhi, modemu za zamani katika vituo arobaini na kimoja ziliamka taratibu kama desturi yake, kompyuta zikaziuliza kabla hazijawa tayari, nazo zikaganda. Pampu zikabaki bila amri. Mafundi wetu walizunguka kituo kwa kituo siku tano, kubonyeza kitufe kimoja. Mabomba yalikauka hadi hospitalini, na binti yake Shangazi, ambaye ni muuguzi, alibeba ndoo ngazini pamoja na wenzake akiwa bado na matanga ya mama yake mkubwa.

Mkurugenzi aliyekuwapo wakati huo aliita mkutano. Aliiweka ile karatasi ya badiliko mezani na kumuuliza Shangazi kama jina la mpimaji lilikuwa lake. Shangazi aliisoma polepole. Kisha akanitazama. Mimi nilikuwa nikiitazama kalamu yangu, na nilijua ananitazama.

"Jina ni langu," akasema. "Nitalibeba."

Wote wakadhani alipima kabla ya kwenda msibani. Aliyeandika msimbo hukosea, walisema, ndiyo maana yuko mpimaji. Kwa hiyo mimi nilionywa kwa mdomo tu. Yeye alikuwa apewe ukuu wa kitengo mwezi uliofuata, hakupewa. Na ikatungwa kanuni kwamba upimaji wake usipokelewe bila saini ya mtu wa pili. Baada ya mwaka ukuu ule nikapewa mimi, na mtu wa pili nikawa mimi.

Ndugu zangu, hilo ndilo linalonifanya nitamani ardhi ipasuke. Kwa miaka minane Shangazi alipanda ngazi kutoka chini na makaratasi yake ya mara ishirini, akasimama mlangoni kwangu akisubiri nimalize simu, ili mimi nithibitishe kwamba yeye amepima. Nilisaini bila kusoma, kwa sababu kazi yake haikuwa na haja ya kusomwa. Alisema ahsante kila mara. Sekunde zake kumi na moja alizirudisha mwenyewe wiki ileile, na ziko mpaka leo. Wale wasimamizi wa nje aliwaandikia barua ya kuomba radhi kwa kosa la jina lake. Niliisoma barua hiyo, nikaikunja na kuendelea na kazi.

Nilikuwa na visingizio. Mapacha wangu walikuwa na miezi miwili. Kisha nikajiambia kwamba mambo yamepoa, kwa nini kuyachokonoa. Kisha nikawa mkuu, na mkuu ana mengi ya kupoteza. Kila mwaka mdomo ulizidi kuwa mzito, na kila mwaka nilimsifu Shangazi zaidi katika hotuba za Desemba, mafuta kwa mgongo wa chupa.

Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliandika kwamba mwaka ule Shangazi "aliomba kupumzika na majukumu ya uongozi". Mke wangu, ambaye ni mwalimu na hapitishi sentensi bila kuikagua, aliuliza mtu anapumzikaje na uongozi ambao hajaupata. Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alinirudishia karatasi na kwenda kuwalaza watoto.

Jumatatu asubuhi nilishuka chini ya ngazi. Shangazi alikuwa akipanga modemu kwenye trei, akizibandikia upya karatasi zilizofifia ili atakayezirithi asipate tabu. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimtajia mstari niliofuta, mara tatu nilizopima, na mkono ulioandika jina lake. Aliendelea kubandika mpaka akamaliza safu nzima.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Ningepima mimi, ningelikuta kosa. Nikasema moyoni, mwache, ana watoto wachanga, kesho atakwenda kusema mwenyewe. Basi nikangoja."

Nikamwomba radhi. Akaniuliza kama nitasema mbele ya watu au palepale chini ya ngazi tu. Nikamwambia nitasema kwa wote.

"Basi fanya haraka," akasema. "Nimebakiza siku nne, na nilitaka nisikie nikiwa bado kazini."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya hapa mtu kunihimiza haraka. Siku hiyohiyo nilimpelekea Mkurugenzi barua, na jana Jumatano ameweka saini mambo mawili. Kumbukumbu ya badiliko lile imerekebishwa, na sasa inasema kwamba halikupimwa na yeyote, na aliyelitia jina la mpimaji ni mimi. Wasimamizi wa nje nimewaandikia vivyo hivyo, kwa jina langu kamili. Na ile kanuni ya saini ya pili imefutwa. Shauri langu mimi liko kwenye kamati, na litakalotoka nitalipokea. Si la ukurasa huu. Cheo alichokikosa siwezi kumrudishia. Nimejaribu kutafuta njia ya kuandika sentensi hiyo ipungue ukali, sikuipata.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, namshukuru Shangazi kwa modemu sitini na tatu, kwa mafundi kumi na wawili aliowafundisha kuchomoa umeme mara ishirini bila kuishia kwenye ya kumi na tisa, na kwa kuingia kazini kila asubuhi katika jengo lililomdhania vibaya. Tunamshukuru pia mumewe, aliyetutengenezea rafu za maabara, na binti yake muuguzi, ambaye ananidai radhi ya ndoo nyingi. Shangazi anasema akistaafu atalala hadi saa mbili asubuhi, kisha atajifunza kupiga randa. Mumewe ameshaficha randa nzuri.

Jarida hili hutoka Ijumaa mchana, pamoja na keki ya kumuaga mtu. Safari hii nimemwomba mhariri alitoe Alhamisi asubuhi, naye amekubali. Nilitaka Shangazi apate walau siku mbili za kupita kwenye korido hizi watu wakijua ukweli. Ni siku mbili kwa miaka tisa, na najua hazitoshi.

Shangazi, tunakutakia pumziko jema, afya, na asubuhi ndefu zisizo na mtu wa kukuharakisha. Naambiwa umebakiza modemu moja ya kupima, na utaimaliza kesho. Ukiimaliza, usipande ngazi kuja kwangu. Saini yako inatosha.