Mpunga wa Watu Kwanza

Wapendwa, Bwana wetu apewe sifa! Mnanijua, Baba Rehema, mtu wa benchi la nyuma karibu na dirisha. Lakini leo nisiposema nitapasuka.

Mimi nasimamia ghala kwenye kinu cha mpunga hapa mjini. Zamani bosi wetu alikuwa mzee mcheshi sana, ila mkono wake mrefu. Kila mzigo wa mkulima ulioingia mashineni alichota ndoo, akiita "ya kuonja." Na bosi akichota, ndugu zangu, nani atabaki na mikono mfukoni? Wapakiaji wakachota, mpaka mfagiaji akawa na gunia lake. Wakulima wakawa wanakalia mizigo yao. Mzee Zakaria wa Usevya alikuwa anakula ugali juu ya gunia, analala juu ya gunia. Mwisho wakaacha kuja kabisa, na mishahara yetu ikayeyuka.

Ndipo mdogo wake bosi, Mama Eliza, akashika kinu. Mwalimu wa shule ya Jumapili! Watu walisema atafundisha pumba kuimba. Siku ya kwanza alituambia cha mtu ni cha mtu, na ile ndoo ya kuonja akaiweka mlangoni, iwe ya maji ya kunywa wakulima.

Masika yakaja. Mchana mmoja upepo uling'oa mabati ya ghala, na mvua ile inakuja. Maturubai hayakutosha. Upande huu mpunga wa wakulima wachache waliorudi kutuamini, upande ule mpunga wa kampuni, tulionunua kwa mtaji wote. Huo ukiharibika, kinu kinafungwa, na mimi na wenzangu tunarudi nyumbani. Nikamuuliza tuanze wapi.

"Wa watu kwanza."

"Mama, na wa kwetu je?"

"Wa kwetu tutamwachia Mungu. Wa watu tumekabidhiwa sisi."

Tukafunika. Mpunga wa kampuni ukalowa, baada ya siku chache ukachipua kama kitalu. Mama Eliza alilia mbele yetu, lakini turubai hakulihamisha. Nampenda yule mama, jamani, ila siku ile nilimnunia! Kaka yake, yule bosi wa zamani, akaanza kutafuta mtu wa kununua mashine. Sisi tukabaki kufunga na kuomba.

Ndugu zangu, Mungu hachelewi! Habari ya yale maturubai ilifika vijijini bila sisi kuipeleka. Mavuno yalipoanza, malori kutoka Usevya yalipita kinu baada ya kinu, yakaja kusimama kwetu. Leo mashine hazipumziki, na yule aliyetaka kuzinunua ni mteja wetu.

Mzee Zakaria naye akaja. Aliposhusha mzigo nikampangia magunia vizuri akae, kama zamani. Akanicheka.

"Nikae nalinda nini? Si Mama yupo?"

Akaenda zake sokoni Kashaulili kumtafutia bibi kitenge. Nilisimama mlangoni namtazama, hakugeuka nyuma hata mara moja. Machozi yalinitoka.

Namshukuru Mungu kwa Mama Eliza, yule pale anayejificha kwenye mtandio. Nyie mlio na ofisi, walio chini yenu wanaiangalia mikono yenu. Na wewe ambaye mpaka leo umelala juu ya gunia lako kwa hofu, yupo Bwana wa kumkabidhi. Shuka, mpendwa. Nenda kamnunulie bibi kitenge.