Hakuna Aliyeiba CD za Baba Yenu

Kaeni, wanangu, tena kaeni karibu, maana sauti iliyosoma taarifa ya habari ikawafikia hata wasiotaka kuisikia, leo haivuki ukingo wa kitanda hiki. Mkubwa, vuta kile kigoda. Na wewe mdogo wake, acha kukunja hizo nguo, zitakunjwa na watakaobaki. Redioni nilifundishwa kwamba habari yenyewe hutangulia na maelezo hufuata, kwa hiyo naanza na habari: hakuna aliyeiba CD za baba yenu. Yapo mengine, na yako chini ya hilo, na moja kati yake ndilo lililoniondolea usingizi tangu jana.

Jana alasiri nilikuwa nimelala hivi hivi, mpira wa oksijeni puani, nikasikia gari likifunga breki, kisha mlango, kisha maboksi mawili yakatua miguuni pangu. Mkubwa hukunisalimia. Ulifungua kasha moja, la pili, la tatu, ukayatupa juu ya shuka. Kasha lenye picha ya bendi ya kofia nyeupe, ndani mna kwaya. Kasha la kwaya, ndani mna mtu anafundisha Kifaransa. Ukasema, "Mama, tuligawana nusu kwa nusu mbele ya macho yako, na huyu binti yako kanipa maganda, ndizi kala mwenyewe. Umezaa mwizi." Naye amesimama pale mlangoni na kikombe cha uji wangu, akasema, "Mimi niibe CD, kaka? Nikazile na chai?" Nawe ukasema, "Usinichekeshe. Mwizi ni mwizi."

Wanangu, nimesoma habari za vita na za mafuriko, nimesoma majina ya waliofukiwa na mgodi, na macho hayakutoka kwenye karatasi. Jana niligeuza uso ukutani. Mtu anajiandaa kufa kwa miezi, anapanga nyumba iende kwa nani na kitanda kiende kwa nani, halafu kabla hajafumba macho anasikia mtoto wake akimwita mtoto wake mwizi, kwa ajili ya vitu ambavyo wauza vyuma chakavu hawavichukui. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mkubwa. Kidole kinafungwa kitambaa. Neno ulilolitoa jana liko humu chumbani bado, na ni wewe utakayelitoa, si mimi.

Sasa maelezo. Wewe uliondoka nyumbani enzi za kaseti. CD ziliingia humu ukiwa umeshaanza maisha yako, kwa hiyo hujui baba yako aliishi nazo vipi, na mimi nililala naye miaka yote nikawa sijui, maana nilikuwa mtu wa habari, na muziki kwangu ni kile kinachokaa kati ya taarifa moja na nyingine. Anayejua ni mdogo wako. Jana ulipotoka kwenda kukaa barazani na hasira zako, alinieleza, nami nawaeleza kama nilivyoipokea.

Kabati la CD liko ukuta huu, redio iko ukuta ule, na katikati kuna kiti chake na goti lake bovu. Anapotaka wimbo, anachukua kasha kabatini, anavuka nalo hadi redioni, anatoa CD iliyomo. Redioni kuna ile aliyokuwa akiisikiliza. Anaitoa. Mkononi ana kasha tupu. Arudi kabatini kutafuta kasha la hii ya zamani, kwa goti lile? Anaitia humo humo alimotoa mpya, anafunga, anarudisha kasha moja, basi. Kesho hivyo hivyo. Kila CD ikahamia kwenye kasha la ile iliyoifuata, mpaka ikawa hakuna iliyolala nyumbani kwake. Mdogo wako anasema alimwambia, "Baba, hizi zimechanganyika zote," akamjibu, "Hazijachanganyika, zimetembeleana." Yeye alizipata. Alijua kila moja imelala kwa nani. Huo ndio wizi wenu.

Lakini nawe, mdogo mtu, usinyooshe shingo, sijamaliza. Ulijua. Siku tunagawana, moja lake, moja lako, uliyashika makasha yale kwa mkono wako, ukajua kaka yako anaondoka na picha za nyimbo zilizobaki kwako, nawe unabaki na picha za nyimbo alizobeba yeye, na ukanyamaza. Nimekuuliza jana kwa nini, ukaniambia, "Hakuniuliza." Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wako umetua juu ya miguu ya mama yako mgonjwa. Najua kilichokunyamazisha. Tangu tulipomzika baba yenu unasema, na umewaambia majirani na mashangazi, kwamba kaka yako alijua njia ya makaburini, njia ya nyumbani hakuijua. Kwamba aliitwa, akaambiwa Mzee hali si nzuri, na hakuja mpaka siku ya kuzika. Umelisema mbele yake. Naye hakujibu hata mara moja. Sote tuliona kunyamaza kwake ni kukiri.

Nipeni maji. Kidogo tu, ya kulowesha ulimi.

Sikilizeni hapa kwa makini. Jana mdogo wako aliposema, "Mama, ngoja nikuonyeshe mwenyewe," alikifunua kile kitambaa nilichoifunikia redio siku ya msiba. Tangu siku ile haikuguswa. Akasema, "Humu ndani mna ile ya tarumbeta. Nilimwekea kwa mkono wangu asubuhi ile, kabla sijakupeleka kliniki ya macho." Mnaikumbuka asubuhi hiyo. Tulimwacha kitini na tarumbeta yake, tukarudi mchana tukamkuta kitini, redio imenyamaza, naye amenyamaza. Mdogo wako akabonyeza kifuniko kikafunguka. Haikuwa ya tarumbeta. Ilikuwa CD nyeupe, zile za mtu kujirekodia mwenyewe, haina picha, na juu yake kwa wino mzito imeandikwa "Kaseti za Mzee". Mdogo wako akakunja uso, akasema labda baba alibadilisha mwenyewe. Nikamtuma jikoni, nifikiri peke yangu. Abadilishe kwa CD ipi? Hiyo haikuwahi kuwamo humu. Na mwandiko ule niliufundisha mimi, mezani, kwa kijiti cha chaki, na ile "K" inayopiga teke nilishindwa kuinyoosha.

Mkubwa. Redioni kwetu habari ya chanzo kimoja haikusomwa. Chanzo kimoja ninacho, kiko ndani ya redio ile. Nataka cha pili, nacho ni kinywa chako. Nimewahoji mawaziri wakanipa hotuba. Wewe nipe ndiyo au hapana. Siku ile, sisi tukiwa kliniki, ulikuja?

Umeitikia kwa kichwa. Redio haioni kichwa, mwanangu. Sema.

Nimesikia. Mdogo wako naye amesikia, mwone alivyoshika ukuta. Kaa chini, mama, usianguke, hatuna nafasi ya wagonjwa wawili. Sasa swali la pili, mkubwa: hiyo CD nyeupe ulikuja nayo kwenye kasha, na kasha halimo humu ndani. Liko wapi? Garini? Chini ya kiti, miaka yote hii? Nenda kalilete. Usinijibu, nenda.

Wewe niangalie mimi, usiangalie mlango. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usianze kulia sasa, utanipotezea muda ambao sina. Akirudi usimwambie kitu. Pokea atakachokupa, ufungue.

Haya. Mpe mdogo wako. Fungua, mwanangu. Ni nini humo? Sema kwa sauti.

Umesema ya tarumbeta.

Mmeona? Baba yenu alikufanyia na wewe yale yale, mkubwa. Ulimpa CD yako, akaitoa kwenye kasha, akaitoa tarumbeta redioni, akawa na kasha tupu mkononi, akaitia, akafunga, akakurudishia kasha lako. Nawe ukaondoka nalo, umezunguka nalo barabara zote za kazi yako ya kupeleka dawa mahospitalini, hukulifungua. Kwa hiyo aliyetoka na CD ya nyumba hii bila kuaga ni nani? Cheka. Cheka kidogo, mimi nakohoa kwa sababu nacheka.

Sasa nitakisema mimi ulichonong'ona juzi kando ya kitanda hiki ukidhani nimelala, maana jana usiku ndipo nilipokielewa. Ulipita siku ile na gari la kampuni, umejaza dawa za watu, hukuruhusiwa kusimama popote, ukasimama. Ulimletea nyimbo za kaseti zake zilizoliwa na redio, zile tulizodhani umezichukua ukazipoteza. Mkasikiliza pamoja. Akakwambia kifua kinambana kidogo. Ukasema twende hospitali. Akakufukuza: "Nenda zako, hayo madawa yanangojewa." Nawe ukaenda. Kabla hujafika ulikokuwa unakwenda, ukapigiwa simu. Tangu hapo unajiona ulimwacha afe, ukaona afadhali uitwe mtoto asiyekuja kuliko mtoto aliyekuja akaondoka. Ndivyo?

Basi nisikilize mimi niliyeishi naye. Baba yenu alipovunjika mkono aliufunga kwa mti wa ufagio, akaenda kazini. Alipougua malaria alijifungia chooni daktari asimwone. Hata ungemfunga kamba usingemwingiza kwenye gari lile. Siku ilikuwa imefika, na siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Sisi wote tuliamini alikufa peke yake, mimi nimelala na hilo kila usiku, nimeamka nalo, nikajiuliza alimwita nani. Kumbe alikuwa na mwanawe, alikuwa na nyimbo za ujana wake, akamfukuza mtu kwa mdomo wake mwenyewe, na hiyo kwake ilikuwa dalili ya afya. Umeninyima habari hiyo miaka yote, mkubwa. Hilo ndilo kosa lako, hakuna lingine. Mimi, msomaji wa habari, habari kubwa kuliko zote imekaa nyumbani kwangu chini ya kitambaa.

Bado nashtuka.

Wosia wangu ni huu, na ni mfupi kwa sababu pumzi ni fupi. Nyumba mnajua, tulishaandikiana kwa wakili, sirudii. Ngazi iliyo uani si yetu, ni ya fundi bomba wa nyumba ya pili, baba yenu aliiazima akafa nayo. Irudisheni kabla ya matanga, asije akaikumbuka mbele za watu. Nguo zangu wagawieni wanaolingana nami kwa mwili, msizitundike mkazitazama.

CD. Mkubwa, ulitaka kuziingiza zote kwenye simu, kisha makasha yatupwe. Mdogo mtu, wewe ulitaka zikae kabatini, mtu asiziguse. Nakataa yote mawili. Zigaweni kama tulivyozigawa, moja lake, moja lako, na mtu asizipange. Nasema tena: mtu asizipange. Zikae kama alivyoziacha. Nusu ya nyimbo zako ziko kwa mwenzako, na nusu ya zake ziko kwako, na hakuna kati yenu anayejua ipi iko wapi. Atakayetaka kusikia bendi ya kofia nyeupe akakuta mwalimu wa Kifaransa, ampigie mwenzake simu, amwambie, "Hebu nitazamie kwako." Aliyepigiwa atazame, hata kama ana kazi, hata kama jana waligombana. Mkichoka kupigiana, kaeni bila muziki. Hiyo ndiyo adhabu, sina nyingine.

Na lile neno la jana, mkubwa. Nimesema utalitoa wewe. Litoe sasa, nisikie.

Vizuri. Na wewe? Ulisema kaka yako hajui njia ya nyumbani. Uliwaambia mashangazi, utawarudia wale wale, mmoja mmoja, uwaambie ulichokiona kwenye kasha. Aibu ya dakika chache haiui mtu. Ndiyo, hata yule wa sauti kubwa. Huyo anza naye.

Inatosha. Sogezeni mto, la, huku. Mungu awape... awape nyumba zenye kelele za watoto, wanangu. Mkibisha mfunguliwe. Mkiugua muwe na wa kuwapa maji. Msizikane mkiwa hamsemezani, hilo naliomba kuliko yote... kuliko nafasi yangu huko ninakokwenda. Niliowakosea wanisamehe. Walionikosea... nimewasahau majina, na hiyo ni bahati yao.

Mkubwa, njoo upande huu. Huyo mwingine abaki huko. Leteni mikono, hapa juu yangu. Shikeni. Siyo wangu, mwanangu... wangu umeshapoa. Shika wake.