Mfuko Uliokataa Kuoza

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mtendaji na mwasisi wa kampuni ya vifungashio vinavyooza;
Msaidizi wako aliyekubebea mkoba;
Mwenyekiti wa kikundi chetu;
Wanahisa wenzetu mlioketi, na ninyi mliosimama kwa kuwa viti vimekwisha:

KUKARIBISHA

Karibu sana. Mara ya mwisho kukuona uso kwa uso ilikuwa siku uliyotuuzia hisa, na tangu hapo tumekuwa tukikuona kwenye kalenda za kampuni. Hata watoto wetu wanakujua. Mmoja wao alipokuona ukishuka garini alimwambia mama yake, "Mtu wa Januari amekuja." Tunaomba usichukie, kwani mwezi wa kwanza ndipo ulipotoka vizuri zaidi.

Tunajua shughuli zako ni nyingi. Tuliposikia umepata nafasi ya kututembelea, tena wiki hii hii zinapouzwa hisa za awamu ya pili, tulisema kweli wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani atapona leo, tutaona mbele ya safari.

Juu ya meza yako kuna mfuko, na ndani yake kuna bahasha. Ni zawadi yetu. Tunakuomba usiifungue mpaka risala imalizike, hata mkono ukiwasha. Risala inasomwa na katibu wetu, Mama Duka, aliyechaguliwa kwa sababu sauti yake inasikika hata mvua ikipiga bati.

HISTORIA YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, kikundi chetu kilizaliwa humu humu ukumbini, siku uliyokuja na ndoo ya udongo. Ulitoa mfuko mweupe, ukatwambia umetengenezwa kwa wanga wa muhogo, ukaukunja, ukauzika ndani ya ndoo mbele ya macho yetu. Ulisema baada ya miezi mitatu tukifukua hatutaona kitu. Ulipofuta mikono kwa leso, ukumbi mzima ulipiga makofi, na wengine walisimama.

Tuliamini, na hatuoni haya kusema hivyo. Mfereji ulio nyuma ya ukumbi huu hufurika kila mvua kwa sababu ya mifuko ya plastiki, na maji huingia ndani kwa watu mpaka vitandani. Tulitaka sana uwepo mfuko ambao ukishabeba vitu vyake unajiondokea kistaarabu. Mwalimu Mstaafu, aliyefundisha nusu ya watu waliomo humu, alinunua hisa siku ile ile akiwa na machozi machoni.

Mwenzetu mmoja, hata hivyo, alijiunga kwa njia yake. Huyu ni Mzee Randa, seremala mwenye karakana nyuma ya ghala la mbao. Mzee Randa hakuwepo siku ya ndoo. Yeye aliliona tangazo lako ukutani: picha ya msichana akicheka, shada la maua mkononi, mfuko mweupe pembeni, na juu yake maandishi makubwa, KUOZA NI HESHIMA. JIUNGE NASI.

Mgeni rasmi, weka nafsi yako kwenye viatu vyake vyenye vumbi la mbao. Una binti mkubwa. Kijana mpiga rangi amekuja kumposa kwa adabu zote. Hutaki kumtoa mwanao kimya kimya kama mtu anayepunguza mzigo nyumbani. Unataka siku hiyo watu wapate kula, wakae kwenye viti, na binti aone baba yake alijiandaa. Halafu unapita njiani unasoma kwamba kuoza ni heshima na kwamba kuna watu wamejiunga pamoja kwa kazi hiyo. Mzee Randa alisimama pale akalisoma tangazo mara mbili, akafurahi kwamba hatimaye watu wazima wamepata akili. Alidhani ni chama cha kuchangiana kuoza watoto. Akaenda nyumbani, akachukua akiba ya harusi yote, akaileta.

Kosa hilo liligundulika kwenye kikao chake cha kwanza. Mwalimu Mstaafu alisimama na kuuliza, "Suala ni moja tu, ndugu zangu. Itachukua muda gani mpaka kuoza?"

Mzee Randa akanyoosha mkono. "Wangu yuko tayari," alisema. "Mchumba amepatikana, imebaki tarehe."

Kinyozi, ambaye hawezi kuacha neno lipite, akamuuliza, "Mfuko wako umeposwa na nani, mzee?"

Tulicheka sana siku hiyo. Mzee Randa naye alicheka ili asionekane hakucheka, kisha akaketi na kuitazama kofia yake kwa muda mrefu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, chini ya uongozi wako tumepata mafanikio mengi.

Tumeongeza msamiati. Zamani mtu asipotaka kukupa kitu alisema hana. Sasa tunajua kwamba kitu hicho kinaweza kuwa katika mchakato, au chini ya tathmini, au kinategemea mwitikio wa soko. Watoto wetu wameshaanza kuyatumia maneno haya wanapotumwa dukani.

Tumepata kalenda kila mwaka bila kukosa, na katika kila kalenda unacheka zaidi kuliko ya mwaka uliotangulia. Tumejifariji kwamba angalau upande mmoja wa kampuni unakua.

Aidha, ofisi yako imepata benchi imara. Kanuni zako zinasema mwanahisa mdogo hawezi kuuza hisa zake mpaka Mkurugenzi aridhie kwa saini. Mzee Randa, baada ya kuelewa kwamba ameingia mlango siyo, alianza kuja ofisini kwako kutafuta saini hiyo. Binti wa mapokezi alimpa maji, akamwambia mkubwa yuko kikaoni. Alipokuja tena alipewa maji na kalenda. Safari iliyofuata alikuja na nyundo na gundi, kwa kuwa benchi la wageni lilikuwa linayumba na yeye alikuwa na nafasi. Akalikaza miguu yote, akalipiga msasa, akarudi nyumbani bila saini. Wageni wako wanaokaa pale bila kuanguka wanakaa kwa hisani ya mwanahisa wako.

(Msomaji anyamaze kidogo kwa ajili ya makofi. Yasipokuja, aendelee.)

CHANGAMOTO

Changamoto ni chache, nazo tunazileta kwako kama mtoto anavyomletea baba yake kiatu kilichokatika.

Ya kwanza ni ile ndoo. Tuliiweka kwa Kinyozi, kwenye kona, ili kila mtu aione. Miezi mitatu ilipotimia tulikusanyika na koleo. Mwalimu Mstaafu alifukua mwenyewe, na mfuko ukatoka mzima, mweupe, vishikio vyake vyote viwili mahali pake. Mama Duka aliukung'uta, akauosha, akabebea vitunguu. Tukaurudisha ndani, tukasubiri mwaka mwingine. Tulipofukua tena tulipata mfuko na nyungunyungu mmoja aliyekuwa ameugeuza nyumba.

Ya pili ni kinyume cha ya kwanza, na hapo ndipo akili zetu ndogo zinapokwama. Shehena ya mifuko uliyomuuzia Mama Duka aiweke dukani, hiyo inaoza. Ilianza kuoza rafuni, mvua za kwanza tu, kabla haijabeba kitu. Mteja mmoja alinunua sukari, akaaga vizuri, akafika mlangoni ameshika vishikio peke yake. Sukari yenyewe ilikuwa imebaki kwenye kaunta inamwangalia. Kwa hiyo, mgeni rasmi, mifuko yako haina ubishi kuhusu kuoza. Inachagua tu mahali.

Ya tatu ni kwamba tumegawanyika. Wapo wanaosema tuongeze mtaji, na wapo wanaosema tukimbie na tulichovaa. Jumamosi iliyopita tulikaa kujadili kama tununue hisa za awamu ya pili, na michango ya wote ilikuwa imeshafika mezani.

"Mbegu haifukuliwi kila asubuhi kuangaliwa kama imeota," alisema Mwalimu Mstaafu. "Teknolojia hii inataka joto na unyevu. Ndoo yetu ilikaa kivulini. Hatukuutendea haki mfuko."

"Mwalimu, mimi nimeishi na mbegu yako kona moja," Kinyozi akamjibu. "Wateja wanaijua mpaka wanaitemea mate. Huo unyevu ungetoka wapi tena?"

"Kampuni zote kubwa zilianza kwa kuchekwa."

"Na zilizokufa je? Zilianza kwa kusifiwa?"

Hatusemi nani alikuwa na haki. Mwalimu bado anaamini kwamba mtu siku moja atautengeneza mfuko huo, na sisi sote tunamwombea awe hai auone. Kinyozi naye anaamini, ila anadhani mtu huyo si wewe.

Changamoto ya nne ni ya Mzee Randa. Harusi ya binti yake imeshaahirishwa mara mbili. Wazazi wa kijana ni waungwana, hawajasema neno baya, wanauliza tu, kila wakikutana naye, "Mzee, ule mfuko umefikia wapi?" Nyumbani mkewe hana uungwana huo. Amemwambia mbele ya majirani, "Mwanao atazeeka akingoja nailoni ife." Binti mwenyewe hulijibu swali hilo vibaya kuliko wote, kwa maana anamwambia, "Baba, usijali, hatuna haraka," na mzee hawezi kuyasikia maneno hayo bila kutoka nje.

MAOMBI

Kwa heshima na taadhima, tunaomba mambo mawili.

Ombi la kwanza: weka saini kwenye karatasi ya Mzee Randa. Karatasi iko chini ya gilasi yako ya maji, na kalamu tumeweka ili usisumbuke kuitafuta. Tumeijaribu, inaandika.

Ombi la pili ni kwamba ukirudi tena na ndoo, tuchague sisi mahali pa kuuzika mfuko.

(Hapa msomaji ageukie safu ya nyuma. Mgeni rasmi atatuwia radhi, maneno yanayofuata si yake.)

Mzee Randa, tunajua umekaa karibu na mlango, na ulidhani ombi la saini likishasomwa tumemaliza, uwahi karakana. Kaa, mzee wetu. Jumamosi, mabishano yalipopamba moto, ulisimama ukasema, "Ninyi wekeni tu, msinitazame mimi. Nilikosea mlango mwenyewe." Kisha ukatoka, ukasema umeacha gundi jikoni. Hukusikia kilichofuata, na tuliapishana tusikuambie mpaka leo.

Ulipotoka, Mwalimu Mstaafu, yule yule mtetezi wa mfuko, akavua miwani. "Hivi kosa la huyu mzee ni lipi hasa?" aliuliza. "Alidhani sisi ni watu wa kuchangiana kuoza. Mimi nimekaa na ninyi miaka mitatu, na sijui tumekuwa watu wa nini."

Kinyozi akasema, "Hapo Mwalimu ana haki," na wenyeji wote ni mashahidi kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Mama Duka akaisukuma michango iliyokuwa mezani, ikasogea upande wa kiti chako kilichokuwa kitupu. Tukapiga kura. Hakuna mkono uliobaki chini.

Tulicheka siku ile ya kwanza, Mzee Randa. Utusamehe.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunarudi kwako. Sasa unaweza kuifungua bahasha. Tunaona haya kidogo, maana huenda ulidhani ni malipo ya hisa za awamu ya pili. Ni kadi ya mwaliko. Binti wa Mzee Randa anaolewa Jumamosi ijayo, humu humu ukumbini, na viti vya ziada vimeshaagizwa. Kijana mpiga rangi ameambiwa asubuhi hii, naye ameanza kupaka ukuta ule wa kushoto, hivyo usiuegemee.

Usije ukadhani saini yako haihitajiki tena. Mzee Randa ana binti wa pili. Huyo bado yuko shule, lakini kwa mwendo wa ofisi yako tumeona tuanze kufuatilia mapema.

Mfuko wenyewe uliobeba kadi, kama hukuutambua, ni ule uliouzika kwa mikono yako. Tumeuosha. Nenda nao nyumbani bila wasiwasi, utafika salama, na utawafaa mpaka wajukuu wako.

Mungu akujalie safari njema, akuzidishie miezi mingine mizuri ya kupigwa picha, na Jumamosi akulete mapema kabla viti havijakwisha.

Ni sisi wako watiifu,
zamani Umoja wa Wanahisa Wadogo wa Mifuko Inayooza;
tangu Jumamosi iliyopita, kwa kura zote,
CHAMA CHA KUOZA WATOTO.