Kufuli kwenye Bomba la Bi Getruda

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kahawa pale Mkolani, basi bado hujasengenywa ukasengenyeka. Wenye benchi ni watatu. Shigela fundi redio wanamwita Daktari, kwa kuwa hakuna ugonjwa asioutaja. Okeyo ni Bunge, hapitishi jambo bila mjadala. Bi Getruda, mwenye nyumba ya mbele yao, jina la utani hana, maana majina mengi huyagawa yeye. Asubuhi hiyo ajenda ilikuwa mpangaji wake, binti wa chuo, aliyejifungia chumbani wiki nzima.

— Bomu bado hajatoka? Bunge akauliza.

Jina hilo lilitoka chuoni, kwa wenzake waliokuwa wakihama kiti kila akikaa karibu nao na hijabu yake. Kijiwe kikalidaka kama kimepewa zawadi.

— Hajatoka, Bi Getruda akajibu. Ugali nampelekea, unarudi na nzi wake.

— Hiyo malaria imepanda kichwani, Daktari akasema.

— Malaria wapi! Bunge akapinga. Katumwa huyo. Baibui lote lile na joto hili? Anaficha simu tatu.

— Ana mtambo kabisa! Akipita tu, redio yangu inakwaruza.

— Redio yako inakwaruza tangu marehemu baba yako hajaoa!

Wakacheka. Bi Getruda akaona asipitwe.

— Nyie mnacheza. Mimi nimemsikia kwa masikio yangu. Alfajiri anafungulia bomba, ananawa mikono, mdomo, miguu, huku ananong'ona. Dawa hiyo! Nikanunua kufuli. Sasa bomba halifunguliwi mpaka jua litoke.

— Umetuokoa mama, tungelogwa mtaa mzima!

— Na ndo tangu hapo kajifungia? Bunge akauliza.

— Tangu hapo. Si dawa imekatika?

Akatokea mama mmoja wa ushungi, kapu mkononi.

— Habari zenu jamani. Natoka Sengerema, namtafuta binti yangu, Zulfa. Anasoma chuo hapa.

Wakatazamana.

— Ni mpangaji wangu, Bi Getruda akasema. Karibu, dada.

— Alhamdulillahi. Alinipigia analia. Halali usiku, hali chakula, anasema kifua kinambana. Chuoni wamempa jina baya, akipita wanaziba masikio. Nikamwambia vumilia mwanangu, mtaani si una watu? Akakata simu. Ndo nikapanda gari. Hebu niambieni, ndugu zangu: hapa mtaani mnamwitaje?

Daktari akainua kikombe akanywa, na kikombe hakikuwa na kitu. Bunge akaanza kutafuta ndala yake chini ya benchi, nayo ilikuwa mguuni.

Bi Getruda akasimama, akamwongoza mgeni uani. Kwenye bomba akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akalitia kifuani. Walipofika mlangoni, Bi Getruda akafungua kinywa amwite binti. Jina lililomjia ulimini lilikuwa lile lile la kijiweni. Akalimeza, akabisha hodi kwa ngumi.