Bi Rimma na Mwanga Usio na Sauti

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Ni Nonna Vyatkina hapa, na leo sina muziki wa kufungulia. Bi Rimma Saveliyevna Chudinova ametutoka. Tumemzika leo mchana, hapa hapa Karasyovo, kwenye ardhi ngumu kama chuma.

Wengi wenu mlimjua sokoni. Yule mama mwenye kipima mionzi. Ndiyo, huyo huyo. Akikaribia tu meza za uyoga, wauzaji wanaanza kuguna. Anafungua mkoba, anatoa kidude chake, anakilaza juu ya uyoga, anasubiri.

"Bi Rimma, jamani! Huu ni wa msitu wa mbali!"

"Wa mbali, ndiyo. Na wewe umetoka mwezini."

Kidude kikilia, anaondoka. Kisipolia, anaondoka vilevile. Hakununua uyoga hata siku moja. Mimi niliishi ghorofa ya chini yake miaka mingi, na ni mtu wa kushuku, mnanijua. Jambo hilo lilinisumbua. Anapima uyoga wa nini, kama hali?

Nimelijua jibu baadaye sana. Ndilo nitakalowaeleza jioni hii.

Bi Rimma alizaliwa Yolkino. Msikitafute kijiji hicho kwenye ramani, kilifutwa. Alikuwa bado msichana wa kuruka kamba anga ilipowaka upande wa kiwandani. Kiwanda gani? Kile ambacho wazazi wetu hawakukitaja, na mimi sitakitaja leo. Anga iliwaka nyekundu, kisha zambarau. Kijijini hawakusikia kishindo chochote. Waliona mwanga tu. Baada ya siku chache gazeti likaandika kwamba ilikuwa nuru ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani karibu na ncha ya dunia, urembo wa maumbile. Nuru ya kaskazini, huku kwetu! Watu wakasoma, wakakunja gazeti, wakanyamaza.

Asubuhi iliyofuata Rimma alikwenda msituni, akachuma uyoga, akampikia mama yake. Na siku hizo hizo wanawake wa shamba la ushirika wakaamriwa kuchimba viazi vyote na kuvifukia shimoni. Kwa mikono mitupu. Kwa nini? Hakuna aliyewaambia. Mama yake Rimma alikuwa miongoni mwao. Kisha wakaja wanajeshi, wakawapiga ng'ombe risasi, wakapakia watu kwenye malori, na Yolkino ikaisha.

Mama akaanza kudhoofika. Nywele zikamtoka. Theluji haijayeyuka, akafa. Daktari akaandika kwamba ni figo. Lakini watu walikuwa na maelezo yao, na waliyasema mbele ya mtoto: ni uyoga wa Rimma. Amechuma uyoga mbaya, amemlisha mama yake.

Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa waliofungua redio sasa hivi. Mtoto aliambiwa kwamba amemuua mama yake. Akaamini. Akakua nalo, akaolewa nalo, akazaa nalo, akaenda nalo sokoni na kile kidude chake.

Alikuwa na kaka mkubwa, Zakhar, dereva wa kiwanda hicho hicho. Zakhar aliapishwa na kutia sahihi kwamba hatasema neno. Kila mwaka Rimma alimuuliza jambo moja tu: "Kaka, ule mwanga ulikuwa nini?" Na kila mwaka alijibiwa: "Nuru ya kaskazini, Rimka. Kunywa chai."

Sasa, mwaka ule wa kimondo. Mnaukumbuka wote, lakini wacha niseme kwa ajili ya watoto. Ilikuwa Februari, asubuhi, baridi ya kukata masikio. Likaja jiwe kubwa kama jengo la ghorofa sita, kutoka upande wa jua, na hakuna mtaalamu aliyeliona likija. Lilikuwa na kasi ambayo mimi siwezi kuifikiria. Likagonga hewa, na hewa kwa kasi ile ni kama ukuta. Likapasuka juu, juu sana kuliko zinakopita ndege. Wanasema nguvu yake ilizidi mara nyingi ile ya bomu la Hiroshima. Wapo waliosema kwamba kama lingepasuka chini zaidi, leo nisingekuwa na wa kumtangazia.

Tulichoona sisi ni mwanga. Jua la pili. Na sisi, mabwege, tukafanya nini? Tukakimbilia madirishani! Shuleni, ofisini, hospitalini, watu wamebandika pua kwenye vioo, wanashangaa ule mstari wa moshi. Hakuna aliyefikiria kwamba mwanga hufika kwanza na kishindo kiko njiani, kinakuja kwa miguu yake. Dakika kadhaa zikapita. Kisha kikafika, na kila kioo kikawa kisu. Ndivyo walivyokatwa zaidi ya watu elfu moja katika mkoa wetu. Jiwe lenyewe halikumgusa mtu.

Binti wa Bi Rimma, Tamara, alikuwa jikoni kwa mama yake asubuhi hiyo. Amenisimulia leo kwenye chakula cha matanga:

"Nilichukua simu nikakimbilia dirishani kupiga picha. Mama akanidaka nywele, Nonna. Nywele! Akaniburuta hadi kwenye korido. Nikamwambia, 'Mama, una wazimu? Acha nione!' Akasema, 'Mwanga usio na sauti mimi naujua. Kaa chini!' Akanikalia. Na alivyo mnene! Tukagombana pale sakafuni, mimi natukana, yeye kanikandamiza. Halafu, puu! Dirisha zima na fremu yake likaingia mpaka kwenye jiko. Pale pale nilipokuwa nimesimama."

Bi Rimma alidhani ni kiwanda kimelipuka tena. Alikosea kabisa, na kosa hilo ndilo lililomwachia binti yake macho.

Msidhani alishukuru Mungu akatulia. Thubutu! Alipiga simu kwa kaka yake, vumbi la vioo bado liko hewani.

"Zakhar! Mmelipua nini safari hii?"

"Ni jiwe, Rimka. Jiwe kutoka angani. Washa televisheni."

"Jiwe! Mwanzo nuru ya kaskazini, sasa jiwe. Kesho mtaniambia ni malaika kadondosha kikombe."

Akaziba dirisha kwa nailoni na blanketi. Akanywa matone ya iodini, ati kinga ya mionzi, akamnywesha na Tamara kwa nguvu. Mafundi wa mtaa walipokuja na mbao hakuwafungulia, alidhani wamekuja kuwapakia kwenye malori. Nami nikiri, sikumcheka. Hata mimi jiwe lile sikuliamini mara moja. Sokoni walishaanza kuuza vipande vya kimondo, na nusu yake ilikuwa makapi ya tanuru la chuma, tena ya moto bado. Katika mji huu, mtu akikupa maelezo, unatazama kwanza nani kamtuma.

Baada ya siku chache Zakhar akaja mwenyewe. Mzee yule, na magoti yake mabovu, alikuwa ametembea kwenye theluji ya mashambani akitafuta vitundu vilivyotobolewa na vipande vya kimondo. Katika kitundu kimoja akapata jiwe jeusi, dogo kama yai la kuku. Akaliweka mezani.

"Umeliokota wapi?" Bi Rimma akauliza. "Jalala la tanuru?"

"Kidude chako si kipo? Lipime."

Akalipima. Kimya. Akapima mkate, alinganishe. Sawasawa. Akalipima tena jiwe, na uso wake, anasema Tamara, ukawa wa mtu aliyeibiwa hasira zake.

"Ala! Kumbe safari hii umesema kweli."

Hapo Zakhar akavua kofia yake ya manyoya, akaketi, akalia. Mzee mzima, makamasi yanamtoka.

"Hili ni la angani, Rimka. Lile halikuwa la angani. Lile lilikuwa letu. Tangi la sumu lililipuka, vumbi lake likawaangukia. Mama alifukia viazi vile kwa mikono yake. Uyoga wako haukumuua mtu. Ni sisi."

Bi Rimma hakupiga kelele. Aliuliza taratibu:

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Waliponizomea shuleni, ulijua?"

"Nilijua."

"Kwenye maziko ya mama?"

"Nilijua, Rimka."

"Na ukakaa ukingoja jiwe lidondoke."

Bi Rimma akampashia Zakhar supu, akamkatia mkate, akamwekea mbele. Hakumfukuza. Lakini tangu siku ile hakumwita tena kaka. Alimwita Zakhar Saveliyevich, jina kamili na la baba, kama tunavyomwita mkubwa wa ofisi. Kwenye simu, kwenye sikukuu, hospitalini, ilikuwa Zakhar Saveliyevich, karibu. Zakhar Saveliyevich, asante. Mpaka Jumanne hii alipofariki.

Leo kaburini nilimuuliza Zakhar kama naweza kuyasema haya hewani. Ana miaka mingi. Akaniambia, "Sema. Wa kunikataza wameshakufa. Na wa kunisamehe tumemfukia sasa hivi."

Tamara, pole sana, mwanangu. Zakhar Saveliyevich, na wewe pole, na naisema kwa moyo, ingawa si kwa urahisi. Bi Rimma, udongo uwe mwepesi juu yako.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa. Mimi mji huu siuamini, na ninyi siwaamini sana. Najua baadhi yenu mlitia sahihi. Najua nyumbani kwenu kuna mtu anajilaumu kwa jambo ambalo ukweli wake mnao ninyi. Simu ya studio iko wazi kama kawaida, lakini leo msinipigie mimi. Mpigieni huyo.