Duara la Kushoto

Kwenye kona ile, kati ya duka la vipuri na kliniki ya meno, kuna benchi ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Hapo mambo ya dunia huamuliwa kila asubuhi kahawa ikiwa moto, na hukatiwa rufaa ikishapoa. Siku hiyo Mabomba, fundi aliyewahi kuvunja kuta tatu kutafuta bomba moja linalovuja, na ukuta wa tatu ulikuwa wa jirani, alifika na bahasha kubwa na uso wa mtu aliyemeza spana. Ndani mlikuwa na picha ya kichwa cha binti yake wa miaka saba, iliyopigwa kwa ajili ya sikio la kulia, pamoja na fomu ya kukubali upasuaji. Hospitali iliitaka kabla ya saa sita.

Aliwaeleza wenzake kwamba nyuma ya ngoma ya sikio la mtoto kumeota uvimbe unaokula vifupa. Ukiachwa, huenda ukapanda hadi kwenye ubongo. Ukitolewa, kisu kitapita jirani na mshipa unaouchezesha uso. Ndiyo maana mashine ilimpiga picha za vipande vyembamba kuliko ukucha.

— Wamemkata vipande bila kisu? — aliuliza Kilomita, dereva wa lori mstaafu.

— Vipande vya picha, kaka. Mwenyewe yuko nyumbani anagombania rimoti.

Kilomita akatabiri kwamba mashine hizo zitafungwa barabarani, zimsome dereva kichwani kabla hajathubutu kuovateki. Jaji, fundi viatu anayehukumu kila kitu, akazifunga mahakama zote: shahidi atalazwa, apigwe picha, na ukweli utakutwa kwenye kipande cha kumi na saba.

Mabomba hakucheka. Aliinua picha kwenye jua.

— Hiki kifupa kinaitwa nyundo. Hii fuawe, imeliwa nusu. Na hiki kikuku, mbele yake punje ya mchele ni jitu. Daktari ameona hata pale mshipa wa uso ulipokosa kifuniko cha mfupa. Ameona, na bado hajafungua kitu. Mimi miaka ishirini navunja kwanza, ndipo najua.

Benchi zima likainua shingo. Hata muuza kahawa aliacha kumimina.

Jaji akavaa miwani.

— Ulisema sikio lipi?

— La kulia.

— Mbona duara alilochora daktari liko kushoto?

Mabomba aliiweka picha mbele ya uso wake. Kushoto. Aliigeuza, maandishi yakasomeka kinyume. Kilomita akamkumbuka shemeji yake mmoja aliyepasuliwa goti zima, bovu likaachwa. Mabomba akaliona tabasamu la binti yake likining'inia upande mmoja, kama shati lililoanikwa kwa kibanio kimoja. Akaikunja fomu mara nne.

— Sisaini.

Mkewe alimkuta hivyo, amekuja na mtoto kumpitia waende hospitali. Jaji akamsomea mashtaka yote. Mama alimsimamisha mtoto mbele ya benchi, awatazame, akaishika picha mbele ya uso wa mtoto. Duara likaangukia palepale, usawa wa sikio bovu.

— Daktari anamwona kama mnavyomwona nyinyi sasa, uso kwa uso. Jana alituonyesha hivihivi, nawe baba mtu, badala ya kutazama, ukawa unatafuta dari inapovuja.

Mtoto aliichukua picha, akaikagua kama nyumba, chumba baada ya chumba, kisha akamgeuzia baba yake sikio linalosikia.

— Baba, sauti yenyewe inakaa wapi hapa?

Kilomita, aliyevuka mipaka kumi na mmoja, aliinamia picha. Jaji alivua miwani. Mabomba alipita tena ndani ya ile picha ya kijivu, nyundo, fuawe, kikuku, mshipa, njia zote zile zilizochongwa ndani ya mfupa bila fundi kuonekana, na sauti hakuiona popote.

— Sijui, mama. Twende tukamuulize daktari.

Akaikunjua fomu juu ya goti, akaomba kalamu.