Maji Niliyoyamwaga Newala

Ndugu zangu, namshukuru Bwana aliyeniweka mbele yenu leo nikiwa na akili zangu na mke wangu. Vyote viwili nilikaribia kuvipoteza asubuhi moja.

Wengi mnanijua. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu nilitaka kuona barabara inaishia wapi. Nimekata mkonge Lindi, nimeng'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea, mwisho nikawa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja hapa Masasi. Nikiona saa nataka kuifungua. Nikiona watu wawili wananong'ona nataka kujua wanasema nini. Ndugu zangu, udadisi wa namna hiyo ukimkosa Bwana hugeuka ugonjwa, na ugonjwa wangu ulikuwa wivu.

Wakati huo bado tulikuwa chini ya Mwingereza. Mke wangu, Mama Hilda, alikuwa mkunga wa zahanati huko Newala, kwao. Aliishi na mtoto wetu katika nyumba ya mama yake. Kazi yangu ilikuwa Masasi, na nilipanda Newala pale tu lori lilipopata mzigo wa huko. Siku nyingine zote nililala juu ya magunia nyuma ya duka nikimwaza. Nilimwaza anavyocheka, kisha nikajiuliza sasa hivi anamchekea nani.

Sasa sisi wa Masasi kisima chetu kiko hapo nje tu. Newala ni juu, na maji yako chini bondeni. Wanawake hushuka kabla ya jua na kurudi limeshapanda, debe kichwani, kwa njia ambayo hata mbuzi anaikataa. Mke wangu alishinda zahanati, na mara nyingi aliitwa majumbani kuzalisha. Mama mkwe miguu ilikuwa imemwishia. Basi nilitazamia kukuta mitungi mikavu. Lakini kila nilipofika, mitungi imejaa! Nguo zimefuliwa, Hilda ameoga anang'aa.

Nikamwuliza, "Nani anakuchotea maji?"

"Watu tu, Baba Hilda."

"Watu gani?"

"Wa hapa hapa. Hebu kunywa kwanza, una vumbi mpaka kwenye kope."

Nikanywa. Yalikuwa baridi na matamu, na kila funda lilinichoma.

Nikafanya ujinga wa kumsimulia dereva wetu, mtu wa Lindi asiyejua kufunga mdomo. Alicheka mpaka usukani ukayumba. "Utingo, mke yuko Newala, mume yuko Masasi, na mitungi imejaa? Basi mmegawana kazi. Wewe unapeleka sabuni, mwenzio analeta maji. Mama Hilda anaoga vizuri kuliko sisi sote!"

Tangu siku hiyo chakula kilikuwa kama pumba. Kanisani midomo yangu ilisali, moyo ulikuwa Newala unachungulia uani. Nilimchukia mtu nisiyemjua sura, nikamtengenezea sura mwenyewe. Nilimpa mabega mapana, meno meupe, sauti nzuri, yaani kila nilichopungukiwa mimi.

Safari iliyofuata lori lililala Mkunya, kijiji cha jirani na Newala. Kulipokucha sikungoja liwashwe. Nilitangulia kwa miguu ili Mama Hilda asisikie honi. Ndugu zangu, nilikwenda nyumbani kwangu kama mwizi. Nikajificha nyuma ya mikorosho, nikaona mwanamume anaingia uani na mzega begani, debe mbele, debe nyuma. Na kweli alikuwa na mabega mapana.

Akamimina maji mtungini polepole, bila kumwaga hata tone. Mke wangu akatoka na bakuli la uji. Yule mtu akalipokea kwa mikono miwili. Wakasema maneno machache kwa sauti ya chini, na mke wangu akamshika mkono kidogo.

Sikupiga hodi. Sikumwamkia mama mkwe aliyeketi barazani. Nilipindua mtungi wa kwanza, nikapindua wa pili, nikashika debe lililobaki nikalimwaga miguuni pa yule mwanamume. Mchanga wa Newala uliyanywa yote kabla sijavuta pumzi. Mama mkwe akajifunika kanga kichwani kama mtu aliyefikiwa na msiba.

Mke wangu akasema, "Umemaliza?"

"Huyu ni nani?"

"Huyu ni mtu aliyefiwa na mtoto. Alizaliwa mikononi mwangu, hakulia."

Nilibaki nimeshika debe tupu. Mama mkwe ndiye aliyenieleza, bila kunitazama. "Kwetu huku, Baba Hilda, mkunga akiitwa usiku huenda na maji ya nyumbani kwake, akamwosha mama na mtoto. Mume ndiye anayeyarudisha, kwa bega lake mwenyewe, mpaka mkewe atoke ndani. Hatumi dada yake. Mtoto wa huyu hakukaa, na maji analeta vilevile."

"Mbona hukuniambia?" nilimwuliza mke wangu.

"Uliniuliza nani. Uzazi wa watu siutangazi. Ungeuliza kwa nini, ningekujibu."

Yule mwanamume aliweka bakuli chini, akaokota mzega wake. "Msigombane, shemeji. Nitakwenda kuchota mengine."

Ndugu zangu, angenipiga ngumi ningeshukuru!

Mara dada mmoja akaingia mbio. Mke wa kaka yake ameshikwa na uchungu, mkunga anatakiwa. Mama Hilda akatazama mitungi iliyolala chali, akatazama mchanga, akaenda kwa jirani kuomba maji ya kuanzia. Alipopita karibu yangu akasimama. "Nyumba hii ni ya mama yangu. Nikimaliza kule nikakuta mitungi mikavu, namwita mjomba wangu. Wewe utapanda lori lako." Na Newala, mjomba ndiye aliyenipa mke. Akiitwa kwa neno kama hilo, ndoa imekwisha.

Nikachukua madebe, nikaomba mzega kwa jirani, nikamfuata yule niliyemtukana. Kisimani habari zilikuwa zimenitangulia, na wanawake walinipokea ipasavyo.

"Baba Hilda, umekuja kuoga au kutumwagia na haya?"

"Mwacheni. Masasi maji yako ubavuni mwa kitanda, hajui yanatoka wapi."

Nilistahili. Nikajaza, nikaanza kupanda. Sehemu ya kwanza nilipanda kwa kiburi, na kiburi kiliisha mapema. Bega liliwaka. Nikatazama mgongo wa yule mwanamume mbele yangu. Huyu alipanda hapa kila siku akilipia mtoto asiyekuwa naye. Na mimi, mwenye mtoto mzima na mke mwaminifu, nimepanda na chuki kutoka Masasi. Nikasema, "Bwana, niondolee mzigo huu, siyo wa begani."

Yule mtu akageuka. "Badili bega, shemeji. Ukilazimisha hilo moja utaanguka." Akanishikia mzega, nikabadili. Hapo nililia, ndugu zangu, njiani mbele ya wanawake, na kile kitu nilichokibeba moyoni miezi yote kikaachia. Sijui kukieleza zaidi ya hapo. Bwana alikifungua kwa mkono wa mtu niliyetaka kumuua.

Mchana nilipeleka debe moja kwenye nyumba ya uzazi, nikaliacha mlangoni. Nilisikia mtoto analia kwa nguvu. Mama Hilda alirudi jioni, akafunua mtungi wa kwanza, akafunua wa pili, akaketi. Akasema, "Mama, Baba Hilda amekula?" Mjomba hakuitwa.

Asante Yesu! Wewe mwanamume ambaye mwenzio yuko mbali kwa kazi, na moyo unakutuma uende kumvizia, nakusihi, mpe Bwana moyo huo leo. Nenda mchana, piga hodi, amkia wakwe, na umwamini aliyewaunganisha. Wivu utabisha tena. Kwangu bado unabisha. Mama Hilda ameketi pale upande wa akina mama, amekuja kunitembelea, na tangu nianze kusema sijageuka hata mara moja kutazama ni nani anayemtazama.